Spika acha kwanza

Kaka, umeuliza utaishije Umethodisti wako waziwazi hapo Mikindani, majirani karibu wote Waislamu, na kama ununue spika ya kuhubiria. Spika acha. John Wesley, mchungaji Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, alitoka kuhubiri nje, kule Bristol na Kingswood, Uingereza, mwaka 1739, kwa kuwa wachimba makaa hawakuwa wakifika kanisani. Alifuata watu, si kelele. Na kanuni zake za 1743 ni tatu tu: usidhuru, tenda mema, shika ibada.

Hiyo ya kwanza ndiyo ngumu, hasa msimu wa korosho. Mimi nakaa kwenye mzani huku Newala. Bibi mmoja kaleta gunia, nikamsomea kilo 2 pungufu. Mwenzangu akanikonyeza ninyamaze. Nikalirudisha gunia mzanini, nikamwambia bibi, "Njoo usome mwenyewe." Siku hizi ananiita "yule wa kanisani", na Ramadhani sahani ya futari hainipiti.

Halafu kikundi. Wesley aliwapanga watu kama 12, wakutane kila wiki waulizane hali ya roho. Nyie mpo wanne? Wanatosha. Kaeni barazani jioni, si chumbani. Mpita njia akiuliza mnafanya nini, mkaribisheni mkekani mumweleze.