Muulize Mfamasia: Vidonge vya jeki

SWALI: Habari kaka, mi nafundisha famasia chuo kimoja hapa Tanga. Mtaala unataka vijana watengeneze vidonge wapime na dawa inavyotoka, sasa mashine ya kubonyezea hatuna, ya kupimia nimeulizia bei nikachoka, spektrofotomita (ile mashine ya kusoma dawa kwa mwanga) nayo taa iliungua mwaka juzi. Mwaka jana niliwachorea tu ubaoni. Nifanyeje?
Mwalimu, Ngamiani

JIBU: Pole mwalimu, ubaoni hakuna kidonge kinachoyeyuka. Achana na parasetamo, maana yenyewe inasomwa kwa mwanga wa nanomita 243 ambao jicho halioni. Tumia vitamini B2, miligramu 10 kila kidonge, ina unjano wake unaonekana kabisa. Changanya na laktosi (sukari ya maziwa) na wanga mkavu kidogo wa muhogo (huo ndo utakaokipasua kidonge kikiingia majini), kandia na uji mzito wa wanga huohuo, pitisha kwenye chekeche, anika kivulini kwa sababu B2 inaharibiwa na mwanga. Kubonyeza, mtafute fundi wa kuchonga vyuma akutolee kinu na mchi wa chuma, halafu mchi mkaubonyeze kwa jeki ya gari, na mhesabu mipigo ya mkono ili kila kidonge kipate nguvu ileile.

Kupima: bika la lita 1, maji mililita 900, nyuzi 37. Likalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na kwa joto la Tanga hapo kazi ni ndogo sana, funika na kitambaa cheusi. Kasia lizungushwe na kamota kenye gia, mizunguko 50 kwa dakika. Kila dakika 5 vuta mililita 5 kwa sirinji, chuja, rudishia maji kiasi hichohicho ya joto lilelile, wengi wanasahau hapa, kisha linganisha rangi na chupa za B2 za asilimia 20, 40, 60, 80 na 100 ulizoandaa mwenyewe (100 ni kidonge kizima kimeyeyuka). Jicho sio spektrofotomita lakini mchoro wa dawa inavyotoka ukipanda utautoa.

Sasa utamu wenyewe, tengeneza mafungu mawili, magnesiamu stiareti (unga wa kulainisha ili kidonge kisigande kwenye kinu) asilimia 1 kwa yote, moja lichanganywe dakika 2 tu na lingine dakika 20. Stiareti ni kama mafuta, ukiisugua sana inazivika chembe zote maji yakakosa pa kuingilia, kwa hiyo fungu la pili litachelewa. Usiwaambie kabla, waache wabishane kwanza nani kakosea kupima.

Na vidonge vyenyewe asimeze mtu, hata wakisema ni vitamini tu.