Nimeizima huduma isiwake yenyewe, mbona naikuta inaendelea?

Swali: Natumia Linux kazini. Docker (huduma ya kuendesha programu ndani ya kontena, yaani vifurushi vilivyotengwa) naihitaji mara chache, kwa hiyo niliandika `sudo systemctl disable docker` nikawasha kompyuta upya. Mwanzoni ilikuwa imezimika kweli, lakini baadaye mchana nikaikuta "active (running)". Nimekosea wapi? Na je, nikizima huduma nyingi zaidi, kompyuta itawaka haraka?

Jibu: Amri yako ni sahihi, ila `disable` inafanya kazi ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Inaondoa tu kiungo kinachoiambia systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux) iwashe huduma hiyo kompyuta inapowaka. Haisimamishi huduma inayoendelea, wala haizuii kitu kingine kuiamsha baadaye.

Kwako, mwamshaji ni soketi, yaani mlango ambao programu nyingine hupitia kuifikia huduma. Andika `systemctl status docker` usome mstari wa TriggeredBy: utakuta docker.socket. Hiyo inajitegemea, na hukuizima. Systemd inasikiliza kwa niaba ya Docker kwenye faili ya `/run/docker.sock`, na programu yoyote ikigusa hapo, hata `docker ps` moja tu, huduma inawashwa papo hapo. Ikishawaka, kontena ulizoziwekea `restart: always` nazo zinaamka.

Zizime zote mbili kwa pamoja:

`sudo systemctl disable --now docker.service docker.socket`

Hiyo `--now` inazisimamisha hapo hapo, bila kusubiri kuwasha upya. Siku ukiihitaji, `sudo systemctl start docker` inatosha. Soketi itafuata yenyewe.

Utashauriwa pia kutumia `mask`. Hiyo inaielekeza huduma kwenye `/dev/null`, isiweze kuwashwa na yeyote, hata wewe, mpaka uandike `unmask`. Kwa kitu unachokitumia mara mojamoja naona imezidi. Tena huduma nyingine inayoitegemea kwa lazima itashindwa kuwaka.

Kuhusu kasi, tafadhali usizime kwa kubahatisha. Watu huangalia `systemd-analyze blame` na kuanza kufyeka walio juu ya orodha, ilhali huduma nyingi huwaka sambamba: iliyochukua sekunde 20 huenda haikumchelewesha yeyote. Angalia `systemd-analyze critical-chain`, inayoonyesha nani alimsubiri nani.

Hapo mara nyingi utakuta NetworkManager-wait-online.service. Kazi yake ni kungoja tu mtandao uwe tayari, na inaitwa pale huduma nyingine inapodai hivyo. Docker ni mmoja wa wadai hao. Kwa hiyo pima tena baada ya kuizima Docker. Kama hakuna mwingine anayeudai mtandao mapema, mngojo huo utatoweka wenyewe. Ukiwa na folda za NFS (zilizoko kwenye kompyuta nyingine, zinazofikiwa kupitia mtandao) zinazounganishwa kompyuta inapowaka, uache ulivyo, kwa sababu zinauhitaji.