Pakeji inabildi freshi kwenye laptopu ila inagoma kwenye ARM? Anzia hapa

Habari wakuu, vijana wa CIVE (kile chuo cha informatiki) hapo UDOM wananiulizaga sana hili swali, pakeji inabildi, yaani kodi inageuka kuwa programu, vizuri kabisa kwenye laptopu ya Intel halafu ikienda kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM) au kwenye seva za Debian (mfumo wa Linux) zinazobildi kwa prosesa za aina nyingi inafeli, na mtu anakimbilia kufungua kodi wakati hata logi hajaisoma. Ngoja niwaambie ninavyofanyaga mimi.

Cha kwanza cheki imefeli kwenye prosesa zipi, maana hiyo orodha peke yake inakupa nusu ya jibu. Imefeli kote? Basi prosesa haihusiki, angalia kama kompaila (inayogeuza kodi kuwa programu) imebadilika au kuna maktaba imekosekana. Imefeli kwenye za biti 32 tu, fikiria saizi, huko long (aina ya namba nzima kwenye C) ni baiti 4 wakati kwenye Linux ya biti 64 ni baiti 8. Imegoma s390x (prosesa ya mashine kubwa za IBM) peke yake, hiyo inapanga baiti kinyume na wenzake kwa hiyo angalia sehemu inayosoma faili au data ya mtandao. Ila ukiona arm64 (ARM ya biti 64), ppc64el, riscv64 na s390x, yaani prosesa zisizo za Intel, zote zimefeli na za Intel zimepita, mimi hapo naendaga moja kwa moja kwenye char, ile aina ya data ya C ya herufi moja.

Hii char inasumbua watu jamani. Kwenye Intel, char ya kawaida inabeba namba hasi, kwenye hizo zingine kwenye Linux haibebi. Sasa mtu kaandika char c halafu anasoma faili mpaka EOF (alama ya mwisho wa faili), na EOF ni -1, kwenye ARM ile -1 ikiingia kwenye char inageuka 255, hailingani na -1 milele, lupu haiishi, testi inaning'inia masaa mpaka seva inaiua yenyewe. Logi haionyeshi eror yoyote ya maana, inasema tu muda umeisha! Dawa ni int c, basi.

Na uzuri wake huhitaji hata kuwa na ARM. Bildi hapohapo kwenye laptopu ukimpa kompaila chaguo la -funsigned-char, linalofanya char isibebe namba hasi, ikining'inia na wewe umempata mwizi. Za biti 32 jaribu -m32. Nasisitiza hili kwa sababu QEMU (programu ya kuiga prosesa nyingine kwenye laptopu yako) inakula bando kupakua mfumo mzima na iko slow sana, umeme ukikatika huku Nkuhungu katikati ya bildi unaanza upya, mimi naiacha iwe ya mwisho, labda kwa s390x maana hiyo mashine ya IBM utaitoa wapi Dodoma.

Kwenye logi usisome mstari wa mwisho, panda juu mpaka eror ya kwanza, na kama mistari imechanganyikana rudia kwa make -j1, inayofanya kazi moja moja. Ukikuta neno Killed kwenye kompyuta ndogo ya RAM ya GB 1 usiguse kodi, RAM imeisha, punguza kazi zinazoenda pamoja au ongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM).

Halafu kuna testi za desimali, arm64 inafeli kwa tofauti ndogoo mwishoni mwa namba. GCC huko inaunganisha kuzidisha na kujumlisha kwenye hatua moja, kwa hiyo inakadiria mara moja badala ya mbili. Weka chaguo la -ffp-contract=off linalozima huo muunganiko, ikipita ujue ni hiyo, kisha waandikie wenye pakeji testi yao ilinganishe kwa kuacha nafasi kidogo, na uwatajie prosesa zote zilizofeli.