Kanzidata moja, kompyuta nyingi: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Shikamoo fundi. Nipo duka la vifaa vya ujenzi, Ngamiani. Nimeunganisha kompyuta yangu na SQL Server ya ofisi (programu inayotunza kanzidata, yaani hifadhi ya data) kwa ODBC, ile njia ya Windows ya kuunganisha programu na kanzidata; nikijaribu inasema sawa. Nikifungua Excel, inakataa.

Marahaba mwanangu. Karibu kila mara shida hii ni ya biti. Kama Excel yako ni ya biti 32 na draiva uliyoweka (programu ndogo inayoziunganisha Excel na kanzidata) ni ya biti 64, hazisikilizani kabisa, hata kama Windows yenyewe ni ya biti 64. Kinachotazamwa ni Excel, siyo Windows. Ingia sehemu ya akaunti ndani ya Excel, bonyeza "Kuhusu Excel", utaona imeandikwa 32 au 64 juu kabisa. Kisha tafuta ODBC kwenye Windows. Zitatokea mbili; fungua inayolingana na Excel yako, utengeneze muunganisho upya humo.

Kuna mtego hapa uliowapotezea vijana wengi siku nzima: ukiitafuta kwa mkono, ile ya biti 64 imo kwenye folda ya System32, na ile ya biti 32 imo kwenye SysWOW64. Ndiyo, majina yamekaa kinyume.

Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta zote hazioni seva. Tupo Raskazone.

Seva yenu inapewa anwani na ruta kila inapowaka. Jana ilikuwa 192.168.1.20, leo imepewa 192.168.1.23, na kompyuta zinaendelea kugonga mlango wa zamani. Ingieni kwenye ruta muitengee seva anwani yake ya kudumu. Na betri ya akiba msiiwekee seva peke yake. Ruta na swichi ya mtandao nazo zichomekwe humo.

Tuna faili moja la Access, programu ya kanzidata ya Microsoft, kwenye folda ya pamoja, tunalitumia watu sita. Mwezi huu limeharibika mara mbili. Tunakosea wapi?

Swali hili nalijibu kwa kirefu, kwa sababu nimeona linavyoumiza. Niliwahi kukaa na karani wa ghala moja la mkonge mpaka usiku, yeye akisoma vitabu vya risiti, mimi nikiingiza upya mizigo ya siku tatu, namba baada ya namba, kwa sababu faili lao lilikataa kufunguka na nakala ya mwisho ilikuwa ya Ijumaa.

Faili la Access likikaa kwenye folda ya pamoja, halina msimamizi. Kila kompyuta inaingia yenyewe na kuandika ndani yake kupitia mtandao. Mmoja akiwa kwenye wayalesi, mawimbi yakapotea katikati ya kuandika, kipande kinabaki nusu na faili zima linachafuka. Kwenye MySQL (kanzidata nyingine ya seva) au SQL Server sivyo: kompyuta yako inatuma ombi tu, anayeandika ni seva. Mtandao ukikatika, ombi ambalo halijakamilika linafutwa na kanzidata inabaki nzima.

Fanyeni hivi wiki hii. Ligaweni faili: majedwali yabaki kwenye folda ya pamoja, fomu na ripoti ziwe kwenye faili jingine, na kila mtu awe na nakala yake ya hilo kwenye mashine yake. Wote sita tumieni kebo. Baadaye hamisheni majedwali kwenda SQL Server Express, ambayo ni ya bure. Fomu zenu za Access zitaendelea kufanya kazi. Msingoje faili lifike GB 2, maana hapo ndipo Access inapogota.

Excel inaniletea mauzo pungufu.

Karatasi moja ya Excel inabeba mistari 1,048,576, basi. Usivute jedwali zima. Iombe seva mwezi unaoutaka.

Bosi anataka wote tutumie akaunti moja ya msimamizi, ati ni rahisi.

Mwambie kwa heshima kwamba hapana. Siku bei ya saruji itakapobadilishwa kimakosa, mtafungua kumbukumbu na kukuta jina moja tu, na atakayeshukiwa ni karani mdogo kuliko wote. Nimeona mtu anapoteza kazi hivyo, na sijaacha kuumia. Kila mtu awe na jina na neno lake la siri. Anayetoa ripoti apewe ruhusa ya kusoma tu. Kumbuka pia kwamba humo mna majina na namba za simu za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka mzilinde.

Nikiwa Dar, nifungue porti 3306, yaani mlango wa MySQL, kwenye ruta niingie moja kwa moja?

Usifungue. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikitafuta porti hiyo hiyo. Weka VPN ofisini, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti, uingie kwanza humo, ndipo uifikie MySQL kana kwamba umeketi Tanga.