Kwa mnaokwenda Dar mara ya kwanza: maneno ya katibu mstaafu wa vijana

Wadogo zangu, nimeambiwa mwaka huu mnaotoka Tanga kwenda huduma ya kanisa kule Tandale, Dar, mko 19, na kati yenu 11 hamjawahi kwenda. Mimi nimekwenda mara tano, tatu za mwisho nikiwa katibu. Mwenyekiti wenu kaniomba niandike yale ambayo kwenye vikao vya maandalizi hayapati nafasi, maana vikao vyetu navijua: saa nzima mnajadili rangi ya sare, nusu saa mnadaiana michango, mnafunga kwa sala.

Safari ya kwanza tulijiandaa miezi mitatu. Tulikuwa na nyimbo sita, igizo la mwana mpotevu, fulana zilizoandikwa mgongoni, spika mbili kubwa, kinanda, na magunia matatu ya nguo tulizokusanya nyumba kwa nyumba kuanzia Chumbageni mpaka Makorora. Ila hakuna aliyempigia simu mwinjilisti wa Tandale kumuuliza yeye anataka nini. Tulimwandikia barua ya kuomba kupokelewa, akajibu karibuni sana, tukaona limekwisha.

Tulipofika akatupa chai na mihogo, akayatazama yale magunia, akainama kuficha kicheko. Ukitoka kanisani pale unatembea kidogo tu uko Manzese, na Manzese mitumba imetandazwa barabarani asubuhi mpaka usiku, mingine bei yake haifiki hata nauli tuliyolipia gunia. Sisi tumezibeba nguo kilomita 350. Ni sawasawa na mtu atoke Dar na kapu la machungwa akauze Muheza, kwenye machungwa yenyewe. Kesho yake akatuletea daftari lake. Lilikuwa na majina 23 ya wazee na wagonjwa ambao hajawafikia tangu Pasaka, majina ya watoto wa shule ya Jumapili ambao walimu hawajui wanakaa wapi, na chumba cha watoto kinachotaka chokaa. Basi. Hakuna hata kimoja kilichohitaji spika.

Kuanzia hapo tukaweka utaratibu, na nawaomba msiuvunje. Miezi miwili kabla ya safari mtu mmoja anampigia mwenyeji, anaandika mahitaji yake kama yalivyotamkwa, na sisi tunajipanga kwa orodha ile. Kama mkutano wa hadhara haumo, usiuchomeke. Mkutano wa nje unataka kibali, unapita serikali ya mtaa na polisi, na kelele nazo zina kanuni zake; NEMC, wale wa baraza la mazingira, hawajali kama kinachopiga kelele ni baa au kwaya. Nyinyi Jumamosi mnapanda basi mnarudi. Atakayeitwa Jumatatu kujieleza ni yeye.

Watu wanatutania kwamba Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo. Tukifika Tandale, waja leo ni sisi.

Sasa hizi Jumamosi nne za kutembelea wagonjwa hapa Tanga kabla ya safari, ambazo wengi wenu mnazinung'unikia. Mnasema kama huduma ni Dar, za nini kuzungushwa hospitali ya Bombo na majumbani? Chanzo chake ni mzee mmoja wa kanisa. Safari ya pili, tukiwa tumeshaaga mbele ya madhabahu, tumeombewa, watu wametushangilia, alisimama akauliza kwa upole: kuna mama yetu kule Duga, huu mwezi wa nne mfululizo hajatoka ndani, je, mmempitia? Kimya. Shemasi akaanzisha wimbo kutuokoa. Tangu hapo asiyehudhuria Jumamosi zote nne hapandi basi, hata kama kashalipa.

Na faida yake mtaiona. Bombo ndiko tulikojifunza kumwona muuguzi kwanza kabla ya kuingia wodini, kutokaa juu ya kitanda cha mgonjwa, kutomuuliza anaumwa nini, kuomba kwa sauti ambayo jirani wa kitanda cha pili hataisikia, na kuaga baada ya dakika kumi. Ndiko pia mwenzetu mmoja alikomwambia mgonjwa, kwa nia njema kabisa, kwamba shangazi yake naye alianza hivyo hivyo na hakumaliza wiki. Muuguzi alimtoa nje kwa mkono. Yule kijana sasa ndiye anayefundisha somo la kutembelea wagonjwa, na hulianza kwa kisa hicho.

Safari ya tatu mwinjilisti alitupeleka Ocean Road. Pale, kama hamjui, wanakuja wagonjwa wa saratani kutoka mikoani, na wa mionzi wengine wanakaa wiki kadhaa mbali na kwao. Tulikuta mama wa Handeni. Tukamwimbia, akaitikia kwa heshima tu. Basi kati yetu alikuwepo kijana wa Mkata, Mzigua, akamsalimu kwa Kizigua. Yule mama aliinuka akakaa. Walizungumza mvua, mahindi, nani kaoa, nani kauza shamba. Kanuni ya dakika kumi siku hiyo ilikufa. Kijana alikaa saa nzima na zaidi. Tuliporudi alikuwa na huzuni, anamwambia mlezi kwamba amesahau kuomba, na neno hakuhubiri hata mstari mmoja. Mlezi akamuuliza tu: kesho utavaa shati gani ukienda tena?

Kuhusu njia. Mtaondokea kituo cha mabasi cha Kange alfajiri. Kuna watakaowaambia mshukie Ubungo. Hao ni wazazi, wasameheni, tangu 2021 mabasi ya mikoani yana kituo kipya cha Magufuli pale Mbezi. Mkishuka, kila mtu akamate begi lake mwenyewe na msimpe mpiga debe hata mfuko wa karanga. Mwenyeji atatuma mtu wa kuwapokea. Msiondoke kituoni kabla hamjampata, hata akichelewa. Simu haitolewi ukiwa umekaa dirishani kwenye daladala, wala unapotembea kando ya barabara, maana vishandu wanapita na pikipiki wanaipokonya huku unasema halo. Na hakuna kutembea peke yako, si dukani, si chooni usiku. Wanafunzi walitumwa wawili wawili, na wao hawakuwa na simu za kuibiwa. Walezi ni wawili, wa kike na wa kiume; wasichana wanalala chumba chao na mlezi wao, na hilo halijadiliwi.

Jambo lililotusumbua kuliko yote, na ambalo hakuna aliyetuonya, ni saa. Sisi huku tumezoea ukipita saa nne asubuhi mtaani unakuta watu barazani. Tandale saa nne asubuhi wenye nguvu wote wameshatoka, wengine tangu saa kumi na moja, na hawarudi kabla ya saa mbili usiku. Waliobaki ni watoto, wazee, na waliolala mchana kwa sababu wanafanya kazi usiku. Sasa fikirieni nyumba ya wapangaji: mlango wa mbele mmoja, korido, vyumba vinane, na kila chumba ni kaya. Ukipiga hodi mlango wa mbele, umewapigia wote. Tulipiga hodi saa tatu asubuhi kwa bibi mmoja aliyekuwa kwenye orodha, akatukaribisha, tukaanzisha pambio kwa makofi. Mlango wa pili ukafunguka, akatoka mwanaume kajifunga shuka, macho mekundu. Ni mlinzi, analinda ghorofa Masaki usiku kucha, ndiyo kwanza alikuwa amelala. Hakututukana. Alisema, "Vijana, asiyelala ni Mungu. Mimi ni binadamu."

Kwa hiyo asubuhi ni za chokaa, wazee na watoto. Watu wazima wafuateni jioni, kwa miadi, na mwenyeji akiwa mbele. Muulizeni anayefagia korido kabla ya kuimba. Na shikamoo isiwatoke mdomoni, maana adabu ya Tanga ndiyo iliyotufungulia milango mingi kuliko igizo. Mtaulizwa kwenu wapi, mkisema Tanga mtatajiwa mapenzi na majini, chekeni, msibishane.

Kubishana kwenyewe kuna mahali pengine pa kukuepuka. Kwenye vyumba hivyo vinane, Waislamu watakuwepo, pengine ndio wengi. Nyinyi mmekulia Ngamiani na Makorora, mmekula pilau la Maulidi na wenzenu wamekula wali wa Krismasi kwenu, kwa hiyo sina haja ya kuwafundisha. Ila mtu akifika ugenini na fulana imeandikwa mgongoni huwa anapata ushujaa wa ajabu. Mwenzetu alitaka kumfungulia mjadala wa vitabu mzee mmoja wa Kiislamu, ambaye asubuhi ile ile alikuwa ametupa ndoo nne za maji ya kuchanganyia chokaa. Tulimwita pembeni. Hatukumshusha cheo, tulimpa kazi ya kurudisha ndoo na kushukuru.

Picha. Safari ya nne mmoja wetu alimpiga picha bibi aliyekuwa kitandani, nguo haijakaa vizuri, akaiweka status na maneno ya Mungu ni mwema. Zikapita saa tatu. Mtoto wa yule bibi anaishi Korogwe, na mtu wa kwaya yetu ana namba yake. Simu iliyokuja siwezi kuiandika hapa. "Mmemwanika mama yangu," ndilo ninalolikumbuka mpaka leo. Siku hizi kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ya 2022, lakini hatukuhitaji sheria kujua tumekosa. Tulimwomba radhi bibi, tukamwomba radhi mtoto, na mimi kama katibu nikaenda Korogwe kwa miguu yangu. Simu zinakaa kwenye mfuko wa mlezi wakati wa kutembelea. Mkitaka picha, pigeni ukuta wenye chokaa.

Chakula: msiwape kinamama wa kule mzigo wa kuwalisha. Tunapeleka pesa ya chakula kamili, na zamu za kupika na kuosha masufuria zipangwe kabla hamjaondoka. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi liombeni jembe siku ya kwanza. Zawadi ninayoijua inafaa ni machungwa. Mwezi wa sita yapo tele. Basi likisimama Muheza nunueni magunia mawili. Watoto wa shule ya Jumapili walikula mpaka mwalimu akaficha gunia la pili. Pesa zishikwe na wawili, kila shilingi daftarini siku hiyo hiyo. Safari ya tano tulirudi na shilingi 41,500 na daftari safi, baraza la wazee likatupitishia bajeti ya mwaka uliofuata bila swali.

Siku ya nne mtagombana. Usiniulize kwa nini ya nne, ni hivyo kila mwaka. Mtaambiana maneno, mmoja atalia, mwingine atasema yeye anarudi Tanga. Mtadhani ni shetani. Mara nyingi ni usingizi, na foleni ya choo kimoja kwa watu 19. Mlale saa nne usiku. Nyimbo za mpaka usiku wa manane tulizipiga marufuku na ugomvi ukapungua nusu.

Sasa hili nalisema taratibu. Safari ya kwanza kuna mtoto wa kiume, umri wa miaka minane hivi, alitushika sana. Anatufuata kutoka asubuhi, anabeba brashi ya chokaa, amekariri nyimbo zote sita. Siku ya kuondoka alitushika nguo. Mmoja wetu, kwa uchungu wa kuagana, akamwambia tutarudi mwezi wa nane. Mwezi wa nane hatukuwa hata na mpango. Mwaka uliofuata tuliporudi, mwinjilisti alitueleza kwamba mwezi ule mtoto alikuwa anakuja kanisani kila Jumamosi anauliza kama basi la Tanga limefika. Kisha akaacha kuuliza, na shule ya Jumapili akaacha. Familia ilikuwa imehama chumba na hakuna aliyejua imehamia wapi. Aliyemwahidi nilikuwa mimi.

Kwa hiyo hakuna ahadi. Si ya kurudi, si ya ada, si ya sare za shule, si ya "nitakupigia". Mtoto akiuliza lini mnarudi, mwambieni mwalimu wake yupo hapa kila Jumapili, mtajieni jina la mwalimu, mpelekeni akamshike mkono. Na kila jina mlilolipata andikeni kwenye daftari la mwenyeji, lisije na nyinyi Tanga.

Mkirudi mtapewa dakika tano za ushuhuda. Msihesabu waliookoka. Mwaka mmoja tulitangaza 60, tukapigiwa makofi. Baadaye, tulipozipitia kadi za majina yao, 40 walikuwa watoto wale wale walionyoosha mikono siku tatu mfululizo kwa sababu baada ya sala kulikuwa na machungwa.

Fomu za wazazi zirudi kwa katibu kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano. Chandarua kila mtu na chake. Na lile la spika mnaloniuliza kwenye simu kila wiki: hapana. Hata ile ndogo.