Kiinua mgongo kimeingia, na kila mtu ana ushauri

*Anti, habari za kazi. Nimestaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka huu nikiwa na miaka 60. Ni mjane, naishi Songea, na watoto wangu watatu wote ni watu wazima. Mkupuo wangu umeingia, shilingi milioni 42, na pensheni ya kila mwezi imeanza. Fedha zote bado ziko kwenye akaunti ileile niliyokuwa napokelea mshahara. Ofisa wa benki anataka nizifunge zote kwenye fiksidi ya mwaka mmoja. Mwalimu mwenzangu anasema hatifungani ya miaka 25, yaani kuikopesha serikali, ndiyo yenye riba kubwa, mwingine ananivuta kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT. Shemeji yangu ameleta habari za kikundi kinacholipa asilimia 20 kwa mwezi, na amenuna kwa sababu sijamjibu. Mwanangu wa pili anaomba milioni 12 za bajaji. Na paa la nyumba linavuja, fundi amesema milioni 5, nataka limalizike kabla ya mvua za Novemba. Usiku silali, napiga hesabu. Niweke wapi nipate riba nzuri, na hawa niwaambieje? – Mwalimu mstaafu, Songea*

Shikamoo Mwalimu, na pole kwa usingizi unaokukimbia. Maisha yako yote ya kazi mshahara ulikuwa unaingia ukiwa umeshapangiwa pa kwenda: ada, unga, michango. Sasa kwa mara ya kwanza una fedha ambazo hujazipangia, na kila anayekuzunguka amekwisha kukupangia. Hilo linachosha kuliko hesabu zenyewe.

Naanza na la shemeji, kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Asilimia 20 kwa mwezi maana yake ni kwamba milioni 10, ukiiacha humo mwaka mzima na faida ikirudishwa ndani kila mwezi, itakuwa zaidi ya milioni 89. Hakuna biashara halali unayoijua Songea wala Dar es Salaam inayozaa hivyo. Wewe ulikuwa kazini mwaka 2009, bila shaka unaikumbuka DECI na upatu wake. Watu "walipanda mbegu", yaani waliweka fedha, wa mwanzo wakavuna kweli, wakawashuhudia wenzao kazini na kanisani, kisha serikali ikaingilia kati na waliochelewa wakabaki na risiti. Shemeji yako huenda hana nia mbaya hata kidogo. Huenda ameshalipwa mara mbili tatu na anaamini anakutendea wema. Lakini anayelipwa leo kwenye vikundi vya namna hiyo analipwa kwa fedha za aliyeingia jana, na wewe mwenye milioni 42 ndiye anayesubiriwa. Usiweke hata laki moja ya kujaribu, maana wakikulipa hiyo laki utakwenda na milioni.

Sasa turudi kwenye swali lako. Umeniuliza riba kubwa iko wapi, nami nakuomba uanze na swali jingine: shilingi ipi utaihitaji lini? Fedha ya bati unaihitaji kabla ya Novemba. Fedha ya ugonjwa unaweza kuihitaji kesho alfajiri. Fedha ya kukuongezea pensheni hutakiwi kuigusa miaka mingi, unakula matunda yake tu. Wote wanaokushauri wanazungumzia milioni 42 kana kwamba ni kitu kimoja chenye tarehe moja, ndiyo maana ushauri wao unagongana na wewe unashindwa kulala.

Ulipoziweka sasa ni salama kwa wiki chache, lakini hapafai kukaa. Kwa takwimu za Benki Kuu za miaka ya karibuni, riba ya akaunti za kawaida za akiba haifiki asilimia 3 kwa wastani, huku mfumuko wa bei ukizunguka asilimia 3. Akaunti za mshahara nyingi hazitoi kitu kabisa, na makato ya mwezi yapo palepale. Kuna jambo jingine ambalo ofisa wa benki huenda hakukuambia. Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mwenye amana hadi shilingi milioni 7.5 kwa kila benki, na akaunti zako zote ndani ya benki moja zinajumlishwa. Sikutishi, benki zetu kubwa zinasimamiwa kwa karibu. Lakini Januari 2018 Benki Kuu ilizifungia benki tano kwa siku moja, zikiwamo Benki ya Wananchi Njombe na Benki ya Wananchi Meru, na wakati huo kinga ilikuwa milioni 1.5 tu. Njombe ni jirani zako, bila shaka habari zilikufikia.

Fiksidi ni kitu kizuri kwa fedha yenye tarehe. Amana za mwaka mmoja zimekuwa zikilipwa kati ya asilimia 8 na 10 kwa wastani, na mwenye fedha nyingi anaweza kukaa na meneja wakaelewana juu zaidi ya hapo. Omba. Ofisa hatakuambia kwamba riba iliyobandikwa ukutani inajadiliwa. Ila soma karatasi kabla ya kusaini, Mwalimu, kama ulivyokuwa ukisoma majibu ya mtihani. Riba inayotajwa ni ya mwaka. Ukifunga milioni 10 kwa miezi mitatu kwa asilimia 9, hupati laki tisa. Unapata 225,000, serikali inachukua kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani 22,500, mkononi zinafika 202,500. Tazama pia kinachotokea siku inapoiva. Fomu nyingi zina kisanduku kinachosema fedha ijifunge tena yenyewe, na mara nyingi inajifunga kwa riba ya siku hiyo, si ile mliyoelewana. Andika kwamba unataka kupigiwa simu kwanza. Na uulize ukiivunja kabla ya muda unapoteza nini, kwa kawaida ni riba yote au sehemu kubwa yake. Kwa hiyo kufunga zote 42, wakati paa linavuja, ni kujitafutia kuivunja kabla ya Novemba.

Hatifungani za serikali nazipenda kwa mtu wa hali yako, na mwalimu mwenzako hakukosea kuzitaja. Unanunua kwenye mnada wa Benki Kuu kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, kuanzia shilingi milioni 1, na riba inaingia kwenye akaunti kila baada ya miezi sita. Riba ya hatifungani hizi za muda mrefu haikatwi ile kodi ya zuio. Uzuri wake mkubwa ni kwamba riba haibadiliki baada ya kununua. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, mwaka uliofuata zile mpya zikashushwa hadi 12.56. Waliowahi wanaendelea kulipwa 15.95 yao hadi 2046.

Hapo ndipo watu wanapokimbilia riba iliyoandikwa na kusahau bei. Kwenye mnada unaweza kulipa zaidi au pungufu ya thamani yake. Tuseme hatifungani ya milioni 10 yenye riba ya asilimia 12 umeipata kwa bei ya 104, yaani shilingi 104 kwa kila 100 ya thamani yake. Umetoa milioni 10.4. Kila mwaka unapokea milioni 1.2, ambayo kwa fedha uliyotoa ni kama asilimia 11.5, na ikiiva unarudishiwa milioni 10, ile laki nne haipo. Mwambie wakala akuandikie kwenye karatasi: natoa ngapi, napokea ngapi kila miezi sita, narudishiwa ngapi na lini. Asipoweza kukuandikia hayo manne, nenda kwa mwingine.

Kuhusu miaka 25, hapo nina mashaka. Itaiva ukiwa na miaka 85. Namwomba Mungu akufikishe, lakini ukipata shida katikati itabidi uiuze Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa bei ya siku hiyo, na riba za sokoni zikiwa zimepanda, bei ya ya kwako itakuwa imeshuka. Kwako ningechagua ya miaka 10, hata kama riba yake ni ndogo kidogo. Na jambo moja nakusihi: hatifungani inakubalika kama dhamana ya mkopo. Usikubali kuiweka dhamana ya mkopo wa mtu mwingine, hata awe mtoto uliyemzaa.

UTT AMIS ni ya serikali na inasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Watu wanasema "UTT" kama ni mfuko mmoja, kumbe ni mifuko kadhaa yenye tabia tofauti. Wewe inakuhusu miwili. Mfuko wa Ukwasi ni wa fedha inayoweza kuhitajika wakati wowote, unaanza na laki moja, na ukiomba fedha yako unalipwa ndani ya siku tatu za kazi. Mfuko wa Hatifungani unaweza kukulipa gawio kila mwezi ukiweka kuanzia milioni 10, au kila miezi sita ukiweka kuanzia milioni 5. Katika miaka ya karibuni faida ya mifuko hii miwili imepita asilimia 10 kwa mwaka. Hiyo si ahadi kama ya fiksidi, inaweza kupanda au kushuka, na bima ya amana haiihusu. Lakini faida ya namna hiyo, kwa fedha kama ya Ukwasi unayoweza kuitoa ndani ya siku tatu za kazi, huwezi kuipata kwenye akaunti ya kawaida. Unaweza kujiunga kwenye tawi la CRDB lililo karibu nawe, usilazimike kusafiri.

Ningekuwa mdogo wako na umeniita tukae na kalamu, ningekugawia hivi. Milioni 10 Mfuko wa Ukwasi: tano za paa, tano za dharura, na hizo za dharura ukizigusa unazirudisha taratibu kutoka kwenye pensheni. Milioni 7 fiksidi ya mwaka mmoja, kwenye benki tofauti na hii inayopokea pensheni yako, ili ibaki ndani ya kinga. Milioni 10 hatifungani ya serikali ya miaka 10. Milioni 10 nyingine Mfuko wa Hatifungani kwa gawio la kila mwezi, hilo likuongezee mboga na dawa. Zinabaki milioni 5. Hizo ziweke Ukwasi pia mpaka mwaka uishe, usizifanyie kitu. Utakuwa umezoea maisha ya kustaafu, utaona pensheni inatosha au haitoshi, na utaamua ukiwa umelala usingizi.

Usifanye yote kwa wiki moja. Anza na Ukwasi, kwa sababu huo hauna kujutia, unatoka utakapo. Mnada wa hatifungani ukikupita utakuja mwingine.

Na ukipigiwa simu na mtu anayejua jina lako, shule uliyostaafia na kiasi ulicholipwa, akisema yuko mfuko wa pensheni na anataka namba ya siri ili arekebishe malipo yako, kata. Wastaafu wapya ndio wanaotafutwa zaidi.

Sasa mwanao. Bajaji ni kazi ya heshima, na kutaka kumwinua si udhaifu. Lakini milioni 12 ni zaidi ya robo ya kila ulichonacho, na bajaji ikipata ajali au ikiibiwa huna namna ya kurudi darasani ukazitafute tena. Kuna benki na kampuni zinazokopesha bajaji yenyewe, anatanguliza sehemu na nyingine anailipa kwa kazi. Mwaka ukiisha, ukiona moyo unakutuma, mpe milioni 2 au 3 kutoka kwenye zile tano aanzie kutanguliza. Mpe kama zawadi, usiite mkopo. Deni la mtoto kwa mama huwa halilipwi na halisahauliki, na kila mkikaa mezani litakuwa limekaa nanyi. Wale wawili wengine waambie siku hiyohiyo umempa ngapi, wasije kulisikia kwa watu.

Mwambie hivi, kwa sauti yako ileile ya darasani: "Mwanangu, fedha zimeshafungwa, zinanilipa kidogokidogo ili nisije kuwaomba ninyi chakula." Ni kweli, na mtoto mwenye akili atalielewa.

Shemeji naye anastahili jibu, maana kununa kwake kunakula amani ya nyumba ya marehemu kaka yake. Mwite, mwandalie chai, mwambie umeshaziweka na hazitoki. Usibishane naye juu ya kikundi mbele za watu. Mkiwa wawili, muulize kwa upole yeye ameweka kiasi gani humo, na kama bado analipwa, msihi atoe mtaji wake wiki hii hii.

Kisha chagua mtoto mmoja unayemwamini, mwoneshe bahasha yenye karatasi zote zilipo: cheti cha fiksidi, taarifa za UTT, za hatifungani. Hana haja ya kujua kiasi. Ajue tu bahasha iko kabati gani.