Pini za triga (kifyatulio) zinachomoka kwenye raifo (bunduki) ya mzee

Kaka pole, ila huyo fundi anayetaka kugonga kingo za tundu la pini na panchi (chuma chenye ncha cha kugongea) ili pini ibane usimkubalie, itashika siku mbili tatu alafu inalegea tena na tundu limeharibika zaidi, na kuchomelea ndo kabisa usithubutu maana ule moto unaua ugumu wa chuma. Anza na pini yenyewe, ipime kwa vanea (kifaa cha kupimia unene) katikati na kwenye ncha, mara nyingi iliyolika ni pini, unatengeneza mpya basi. Kama tundu limekuwa yai, linapanuliwa kwa rima (kifaa cha kupanua tundu kidogokidogo na kulinyoosha), sio drili, drili kwenye tundu bovu inafuata ubovu uleule. Rima ipite kuta zote mbili zinazoshika pini kwa mkupuo mmoja ili matundu yasipishane, alafu inawekwa pini nene kidogo, hata mkia (upande usio na makali) wa biti ya drili kuukuu unafaa kwa sababu saizi zake zinapanda kwa 0.1 mm. Pini ibane kwenye kuta lakini triga izunguke huru. Likiwa limelika sana ndo unaweka bushi (kibomba kidogo cha chuma kinachokaa ndani ya tundu) na kurudi saizi ya zamani.

Mafundi wa mtaa wa Unga Limited pale Arusha wanakereza pini na bushi vizuri tu, ila wapelekee vipimo, bunduki yenyewe iende kwa fundi mwenye kibali cha silaha pamoja na leseni ya mzee. Na tafadhali, mpaka itengenezwe msiweke risasi hata moja, pini ikisogea hiyo kitu inaweza kufyatuka yenyewe ikidondoka